Sauti Kutoka Juu ya Tangi la Maziwa

Siku tuliyofungwa kwa tofauti ya pointi kumi na tisa, tena nyumbani, mbele ya watu elfu mbili waliolowa chapachapa, mimi nilikuwa kwenye kibanda changu nikimimina chai. Kibanda kiko kwenye kona ya uwanja, na dirisha lake linaonyesha nusu moja tu ya kiwanja, ile ya upande wa makaburi. Kipindi cha kwanza golikipa wetu alikuwa upande huo, kwa hiyo niliona kila kitu, na nilichokiona sikukipenda. Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, ikawa zamu ya washambuliaji wetu kuja kwangu. Nikawangoja, na hadi dakika kumi za mwisho hakuja hata mmoja. Nilimwona kunguru. Nilimwona golikipa wa wageni akijipasha mikono kwapani. Mara moja mpira ulikuja peke yake, ukatoka nje, wala hakuna aliyeufuata.

Naitwa Attracta Molloy. Nimeuza chai na sandwichi katika uwanja wa kaunti yetu miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo tumepata kikombe kimoja, ambacho baadaye kiligundulika kina ufa. Mume wangu Malachy ni dereva wa lori la maziwa. Kila asubuhi hupita shamba kwa shamba, anavuta maziwa na kuacha maneno. Mume wangu ana mdomo. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe anakubali.

Mwaka ule tulikuwa daraja la tatu. Chini yetu kulikuwa na daraja la nne, na chini ya la nne hakuna kitu, ni majani tu. Kamati ya kaunti, chini ya mwenyekiti wetu Ignatius Prunty, ambaye kazi yake ni kuuza nyumba, ilituletea kocha kutoka nje. Conleth Broderick. Alikuja na kompyuta, kamera za kuruka angani, na wasaidizi watano, mmoja wao kazi yake kupima usingizi wa wachezaji. Vijana wenyewe hawalipwi hata senti, wanatoka kazini na kuja mazoezini gizani, halafu mtu anawauliza wamelala saa ngapi.

Neno la Broderick lilikuwa moja: mchakato. Tukifungwa, tuko kwenye mchakato. Tukifungwa tena, mchakato unakomaa. Mechi tatu za kwanza tulipoteza. Ya nne tulishinda, ugenini, kwenye ukungu mzito ambao hadi leo nadhani mwamuzi alihesabu kwa kukisia. Ya tano ndiyo hiyo ya kumi na tisa.

Sasa, mpira wetu wa Kigaeli hauna siri. Unaushika kwa mikono, unaupiga kwa mguu, ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti miwili ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba ili upate chochote kati ya hivyo lazima uelekee mbele. Watu wa Broderick walikwenda pembeni. Wakichoka pembeni walirudi nyuma. Niliwahi kuhesabu pasi ishirini na saba, na mwisho wake mpira ulikuwa umerudi mikononi mwa golikipa, naye aliupokea kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Siku ile, dakika kumi kabla ya mwisho, mshambuliaji wetu Enda Tansey alipata mpira, akiwa peke yake, milingoti iko mbele yake na hakuna wa kumzuia. Akasimama. Akageuka. Akaupeleka nyuma. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu kutoka kwenye ngazi za zege, na waliomsikia si mimi peke yangu.

"Enda! Hata ng'ombe wa baba yako akiona lango liko wazi, anaingia!"

Watu walicheka hadi wakamwaga chai yangu. Ngazi mbili chini ya Malachy alikuwa amesimama Padraic Tansey, baba mwenye ng'ombe. Hakugeuka. Masikio yake tu ndiyo yaliyoiva. Baadaye alikuja dirishani, akachukua chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniuliza habari za nyumbani.

"Umeona ulichofanya?" nilimwambia Malachy kwenye gari.

"Nimesema uongo?"

"Sikuulizi kama ni uongo. Kesho asubuhi unakwenda kuchukua maziwa kwa nani?"

Akawasha gari. Shamba la akina Tansey ni la pili kwenye njia yake.

Jumatatu alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, hakuvua hata buti, akakaa mezani na kunisimulia. Alimkuta Enda mwenyewe uani. Enda ni fundi umeme wa miaka ishirini na mitatu, humsaidia baba yake kukamua kabla ya kwenda kazini. Alikuwa amevaa aproni ya mpira, mavi mpaka magotini.

"Wewe ndiye wa ng'ombe," Enda akamwambia.

"Ndiye mimi. Ulinisikia?"

"Walikusikia hadi makaburini, Malachy."

"Basi nisamehe. Lakini kwa nini hukupiga, kijana wangu? Lango lote lilikuwa lako."

Enda akatazama kama baba yake yuko karibu. Kisha akamweleza. Mazoezini Broderick alikuwa amepanga koni za njano mbele ya milingoti, mita ishirini tu. Aliyepiga akiwa nje ya koni alitolewa, awe amepata pointi au amekosa. Siku ya mechi koni hazipo, ila kila mchezaji anajua zilipo, kama zimechorwa kichwani mwake.

"Tunatakiwa tupasiane mpaka nafasi ifike asilimia sabini," Enda alisema.

"Asilimia sabini ya nini?"

"Sijui. Kuna jamaa mwenye kompyuta, yeye ndiye anayejua. Na ukisema umeyasikia kwangu, nitakana."

Malachy alimwahidi hatasema. Alipomaliza kunisimulia alikuwa amekunja ngumi juu ya meza. "Attracta, mimi nilikuwa namtukana mtu aliyefungwa kamba."

"Basi ufunge mdomo wako, umeahidi."

Kufikia Alhamisi hakukuwa na shamba, duka, wala kinyozi katika kaunti nzima asiyejua habari za koni za njano. Nilimuuliza mume wangu ahadi imeishia wapi.

"Sikumtaja," alisema. "Nilisema tu ni mshambuliaji mmoja ambaye baba yake ana ng'ombe."

"Malachy, wote baba zao wana ng'ombe."

"Si ndiyo! Sasa nimemtaja nani?"

Mechi ya sita ilikuwa ugenini. Kule uwanja ni mdogo, na mtazamaji anaweza kusimama nyuma kabisa ya benchi la makocha. Sina haja ya kusema mume wangu alisimama wapi. Tulikuwa nyuma kwa pointi saba, wachezaji wetu wanapeana mpira kama watu wanaokatazana kulipa chai, Malachy akaanza.

"Broderick! Mbona tumeletewa asilimia thelathini tu? Ile sabini iko wapi?"

Kocha hakugeuka.

"Iulize kompyuta kama inaweza kuingia uwanjani! Haiwezi kuwa mbaya kuliko hao uliowaharibu!"

Hapo akageuka, na wakaaji wa kaunti ile nyingine, ambao mambo yetu hayakuwahusu hata kidogo, wakapiga makofi. Tulipoteza kwa tisa. Broderick aliwaambia waandishi kwamba kuna kelele za nje zinazoharibu mchakato.

Siku nne baadaye nilikuwa kibandani nikipanga vikombe, Ignatius Prunty akaja na bahasha. Prunty huwa anatembea kama anakuonyesha nyumba, mkono umenyooshwa kidogo.

"Attracta, dada yangu. Hili si jambo la chuki."

"Ukianza hivyo najua ni la chuki."

"Ni barua ya Malachy. Kamati imekaa. Hataruhusiwa kuingia uwanjani hapa mpaka msimu uishe. Lugha isiyofaa."

"Lugha gani? Kuuliza hesabu ya asilimia?"

"Kocha anahitaji utulivu."

"Iggy, kocha ana utulivu wa kutosha. Tumefungwa mara tano na hajawahi kuinuka kitini. Na kwa nini barua unaniletea mimi? Nyumba yetu unaijua, ulijaribu kuiuza mama mkwe wangu alipofariki."

Alitazama vikombe vyangu. "Nilidhani wewe utaipokea vizuri zaidi."

Aliogopa kumpa mkononi, ndiyo maana. Mwenyekiti wa kaunti nzima.

Mechi ya saba ilikuwa ya mwisho, nyumbani. Kwa sababu kulikuwa na timu nyingine mbili mbovu karibu kama sisi, hata sare ingetuokoa tusishuke. Watu walikuja zaidi ya elfu nne. Usidhani walikuja kwa upendo. Mtu hukimbilia kuona nyumba ikiungua.

Malachy alikuwa zamu siku hiyo, kwa kuwa ng'ombe hawajui Jumapili, na mwezi wa tatu ndio maziwa yanamwagika. Aliondoka asubuhi bila kusema neno, nami niliona huruma. Dakika ya tano ya mechi, nikiwa nakata sandwichi ya mayai, nikasikia sauti ninayoijua.

"Mbele! Mbele ni kule, mabwana!"

Nikachungulia. Juu ya ukuta wa upande wa makaburi palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, tumbo la tangi la maziwa, na juu yake mume wangu kwa miguu miwili, koti la kazi limepeperuka, mikono pembeni ya mdomo. Alikuwa ameegesha lori barabarani, nje ya uwanja kabisa, mahali ambapo Prunty hana mamlaka hata ya kumkemea paka. Ngazi zote za zege ziligeuka kumtazama, zikamshangilia kuliko zilivyoshangilia timu ilipoingia.

Kila mapumziko huwa napeleka sinia kwenye chumba cha juu cha kamati: chai, keki ya zabibu, sandwichi zilizokatwa pembe tatu. Siku ile nilipeleka birika la maji ya moto na vikombe. Basi. Prunty akashuka mwenyewe, wageni wake wa udhamini wamebaki juu wakitazamana.

"Attracta, chai yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye mchakato."

Foleni ilicheka. Prunty alipanda ngazi, na mimi nikammiminia chai mtu aliyefuata, ingawa sijawahi kumfanyia mtu hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Kipindi cha pili washambuliaji wetu walikuwa upande wangu. Tulikuwa nyuma kwa pointi tano. Enda Tansey alipokea mpira mbali, mita thelathini na tano, nje kabisa ya koni zozote zinazowezekana. Nilimwona akitazama benchi. Nilimwona akitazama milingoti. Akapiga.

Ukapita katikati kama umevutwa na uzi.

Sijasikia kelele kama ile uwanjani petu. Dakika tatu baadaye akapiga tena, ukapita. Akapiga wa tatu, ukagonga mlingoti na kurudi, mwenzake akausukuma juu ya mwamba. Wa nne ukapita. Tukawa nyuma kwa pointi moja tu, dakika ya hamsini na mbili kati ya sabini, na watu wazima walikuwa wanakumbatiana na watu wasioongea nao.

Ndipo ubao ukainuliwa. Kumi na tatu. Namba ya Enda.

Mwanzoni watu walidhani ameumia. Kisha wakaelewa, na kikatoka kitu ambacho si kelele wala mguno, kama ng'ombe elfu nne wamefungiwa nje usiku wa mvua. Enda alitembea hadi benchi. Hakukaa. Alimpita Broderick bila kumtazama, akafungua geti dogo lililo ubavuni mwa kibanda changu, akasimama dirishani na jezi yake imejaa tope.

"Chai ipo, mama?"

"Ipo, mwanangu."

"Sukari tatu."

Nilimpa. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Akatoka na kikombe chake kupitia lango kuu, mlinzi akampisha, na baada ya muda kidogo nikaona juu ya tangi vichwa viwili badala ya kimoja.

Nilidhani mume wangu ndiye mwenye mdomo mchafu kuliko wote katika kaunti. Nilikosea. Malachy alitukana kwa kukisia. Enda alikuwa anajua.

"Diarmuid! Acha kutazama benchi, hawana jibu huko!"

"Usiurudishe! Golikipa anaogopa mpira, alituambia mwenyewe!"

Nikatoka nje ya kibanda nione upande wa pili; golikipa wetu alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa kama kukana, ila si kwa nguvu.

"Lorcan! Piga! Akikutoa, huku juu kuna nafasi!"

Lorcan alikuwa mita thelathini. Alitazama tangi, akacheka, nakuapia alicheka, akapiga. Ukapita. Tukawa sawa. Na kweli Broderick akamtoa, palepale, kwa hasira, sasa hata akili haikuwepo tena, ilikuwa ni kukomoana tu. Lorcan alienda akakaa benchi na kujifunika taulo kichwani.

Tulikaa sawa hadi dakika ya mwisho. Mpira ulikuwa wetu. Sare inatosha, unachotakiwa ni kuushika tu au kuupiga huko angani, uangukie makaburini, wafu wautunze. Lakini waliobaki uwanjani walikuwa watiifu. Wakaupeleka pembeni. Wakaurudisha. Wakaurudisha tena, wakaurudisha mpaka kwa golikipa, ambaye ulimponyoka mikononi kama sabuni. Mtu wao akauokota na kuupitisha juu ya mwamba, taratibu, bila haraka. Filimbi.

Hakuna aliyezomea. Watu walifunga zipu za makoti yao na kuondoka. Nilifunga dirisha, nikazunguka ukuta. Enda alikuwa amekaa juu ya tangi, uso kwenye magoti, mabega yanatikisika, na Malachy, ambaye hajawahi kukosa neno maishani, alikuwa amekaa kando yake amemfunika koti la kazi, kimya. Padraic Tansey alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama chini, kofia mkononi.

"Shukeni nyote wawili kabla hamjavunjika miguu," alisema. Kisha, bila kumtazama Malachy usoni, akaongeza, "Na kesho uje mapema. Pipa limejaa."

Kamati ilitoa taarifa. Ilisema inajivunia hatua zilizopigwa. Broderick alipewa mwaka mwingine, kwa kuwa mkataba wake ulisema hivyo na hakuna aliyekuwa ameusoma kabla ya kutia saini. Enda alijulishwa kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, kwamba hahitajiki tena. Jina lake waliliandika vibaya. Malachy alisimamishwa kazi wiki moja kwa kutumia lori kama jukwaa, na marufuku yake uwanjani ikawa miaka miwili. Mimi nilimkabidhi Prunty funguo za kibanda. Wakaweka mashine. Wanasema ukibonyeza chai inatoka supu, na ukibonyeza supu hakitoki kitu.

Desemba Prunty alikuja nyumbani, amesimama mlangoni kwenye mvua.

"Watu wanakuulizia, Attracta."

"Broderick bado yupo?"

"Yupo."

"Basi nisalimie hiyo mashine."

Nilifunga mlango nikitarajia raha, lakini raha haikuja. Nilikwenda kusimama jikoni. Vikombe vyangu vilikuwa kwenye maboksi chini ya meza, na nilijua mechi ya kwanza ni tarehe ngapi bila kutazama kalenda.

Siku ya mechi tuliisikiliza redioni, sisi wawili, pamoja na Enda aliyekuwa amekuja kutengeneza swichi ya ukumbini na hakuondoka. Daraja la nne. Tulifungwa kwa saba na timu ambayo haikuwa imeshinda kwa miaka miwili. Mtangazaji alihesabu pasi mpaka akachoka. Malachy aliizima redio, akaiwasha, akaizima.

"Wapuuzi," alisema.

"Wapuuzi," Enda akakubali, akiwa na bisibisi mkononi.

Niliwaongezea chai.

"Wiki ijayo wanacheza wapi?" Malachy akauliza.

"Ugenini," nikamwambia. "Mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari."

"Ugenini hawajanikataza."

Tulikwenda, watatu, mvua njia nzima. Nilichukua chai yangu mwenyewe kwenye chupa, na tulipofika tuliwakuta Padraic na nusu ya kijiji wametutangulia, wamesimama nyuma ya benchi la Broderick, wanasafisha koo.